Zamu Yangu ya Kusaliwa

Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, waliagiza Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zipewe kipaumbele. Mimi, mwalimu mkuu, nilitoa mchango tu. Kusali nyumba kwa nyumba niliwaachia akina mama.

Mke wangu alipofariki, hapa Kariakoo, sala ilinikauka kinywani. Jioni wanajumuiya walikuja, wakaketi mkekani uani. Aliyeongoza rozari ni muuza ndizi wa Mtaa wa Mkunguni, ambaye sikuwahi hata kumuuliza jina.

“Mwalimu,” aliniambia, “wewe pumzika. Leo tutakusalia sisi.”

Ndugu msomaji, miaka yote nilifundisha. Jioni ile nilifundishwa. Siku hizi, zamu ya nyumba yangu ikifika, natandika mkeka kabla hawajabisha hodi.