Meza ya Baada ya Misa ya Kwanza



Saumu kabla ya Komunyo siku hizi ni fupi: muda wa saa moja tu, na maji au dawa haviivunji. Wazazi wetu waliikuta ngumu zaidi. Walipokuwa watoto, aliyetaka kukomunika hakula wala kunywa kitu tangu usiku wa manane, hata maji. Papa Pio XII aliruhusu maji mwaka 1953, akaipunguza saumu hadi saa tatu mwaka 1957. Papa Paulo VI akaifikisha kwenye saa moja mwaka 1964. Basi waliotulea walishuka milima kwenda misa wakiwa na njaa ya kweli, wakapanda tena na njaa ileile, na kilichowangoja nyumbani hakikuwa kikombe cha chai na kipande cha mkate. Walikula wakashiba. Sheria ilibadilika, lakini desturi ya kula sana baada ya misa ya kwanza tuliirithi, wala hatuoni haya kusema kwamba tunaipenda.

Hapa Bukavu meza ya namna hiyo huanza kuandaliwa Jumamosi jioni, kwa kuwa maharage hayakubali haraka. Yanachemka juu ya mbabula hadi usiku, na asubuhi yanahitaji tu kitunguu, nyanya na mafuta ya mawese. Kando yake huwekwa viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, makemba yaliyoiva hadi ganda likawa jeusi kisha yakakaangwa, avoka lililopondwa na chumvi, na uji wa mahindi na soya kwa watoto. Na sambaza. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hatuwezi kuifikiria Kivu bila wao. Wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuwasha taa usiku. Samaki hufuata mwanga, na alfajiri wanafika sokoni wakiwa wabichi. Waoshwe, watiwe chumvi, wachujwe maji vizuri (hapo ndipo wengi hukosea), kisha watiwe katika mafuta ya moto sana. Huliwa wazima, na vichwa vyao, kwa pilipili na ndimu.

Injili ya Yohane, sura ya 21, inamwonyesha Bwana mfufuka akiwa ufukoni alfajiri, samaki juu ya makaa na mkate tayari, akiwaita waje kula watu waliokesha ziwani. Mvuvi wa Kivu anaielewa sura hiyo bila katekista.

Kuhusu kahawa tuna neno. Kahawa ya Kalehe na Idjwi inasifiwa mbali, lakini sehemu kubwa yake husafirishwa nje, nasi tunakoroga unga wa kopo uliotoka ng'ambo. Jambo hili linatuudhi kidogo. Aliye na jamaa mwenye shamba na amwombe kahawa mbichi, aikaange, aitwange kinuni. Nyumba nzima itaamka bila kuitwa.

Wengine miongoni mwenu hupenda kula nje siku ya Jumapili, nasi hatuwalaumu. Waingereza wana jina la mlo unaounganisha chakula cha asubuhi na cha mchana: brunch. Mwandishi mmoja wao, Guy Beringer, aliutetea mwaka 1895, akisema kwamba unawafaa waliokesha Jumamosi, na kwamba unawakutanisha watu wakazungumza kwa furaha. Hoja ya kwanza hatuikubali. Ya pili tunaipokea kwa mikono miwili. Katika hoteli za kando ya ziwa mtapata mayai ya kila namna, jibini ya Masisi, matunda, na bei iliyoandikwa kwa dola. Katika malewa za karibu na soko la Kadutu mtapata wachukuzi wakila bugali asubuhi na mapema kabla ya kupandisha magunia mlimani. Tukiulizwa ni wapi panapikwa maharage bora, tutajibu bila kusita: kwa wachukuzi.

Lakini kuna sentensi moja ambayo tumeisikia mara nyingi mno mbele ya mlango wa kanisa. Misa imekwisha, kikundi kinasema, «Twende tukanywe chai mjini,» na mmoja anajibu, «Nyinyi tangulieni, mimi ninangojwa nyumbani.» Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi mfuko ni mtupu, na nyumbani hakuna chungu jikoni. Tumefundisha watoto miaka mingi. Kufikia saa nne asubuhi mwalimu humtambua asiyekula, hata akitabasamu. Kijana huyo anateremka barabara peke yake. Jumapili inayofuata anakaa nyuma. Baadaye anachagua misa nyingine, na katika daftari la kikundi anaandikwa kuwa mvivu. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu hiyohiyo: walikusanyika, kila mmoja akala chakula chake, huyu akabaki na njaa.

Jambo tunalopendekeza si geni. Jumapili moja ya mwezi, kikundi kipike pamoja uani. Kila mmoja aweke alicho nacho jikoni kabla ya misa, kimefunikwa, na asiandikwe mtu: kopo la maharage, makala, chumvi, ndizi tatu. Asiye na kitu ateke maji, maana bila maji hakuna kinachoiva. Wawili walioshiriki misa ya Jumamosi jioni waende kununua sambaza alfajiri. Wachague tarehe kwa kutazama mbingu: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki wengi na bei inapanda, na hapo inabidi kuongeza maharage.