Bastola Chini ya Mto

Akina mama wenzetu, kuna jambo ambalo baadhi yetu hulitandika pamoja na kitanda kila asubuhi, tukalifunika shuka na kunyamaza. Sisi wa kikundi cha maombi cha Jumatano, huku Moshono, tulilinyamazia mpaka siku mwenzetu mmoja aliposimama kushuhudia, akashindwa, akalia.

Mumewe hununua mawe ya tanzanite kule Mirerani, na ana bastola yenye leseni. Asubuhi hiyo alimkuta kijana wao wa miaka minne ameketi kitandani, bastola imo mapajani, vidole gumba viwili viko kwenye triga. Aliinyakua kwa pindo la kanga kama mtu anayeokota nyoka, akaitupa kabatini. Haikulia. Hadi leo hajui kwa nini haikulia.

"Lakini baba yake huniambia haina kitu," alisema. "Magazini huwa anaichomoa."

Sisi tulio wauguzi katika kikundi tulitazamana. Neno hilo, "haina kitu", tumewahi kulisikia wodini. Lilisemwa na mzazi aliyembeba mtoto mwenye tundu dogo pajani, tundu la kuzibwa kwa kidole kimoja, na ndani mfupa umesagika.

Hatuwahukumu waume wanaotembea na silaha kiunoni chini ya koti. Mwezi Agosti 2013, mfanyabiashara mkubwa wa tanzanite alipouawa kwa risasi wilayani Hai, ni nani kati yetu aliyelala usingizi kabla mume hajarudi? Hofu hiyo tunaijua. Ila kitu kilichobebwa kwa ajili ya safari, usiku kinalala nyumbani, na nyumbani kuna watoto. Leseni hupewa mtu, haipewi nyumba. Lakini anayetandika kitanda ni nani?

Basi tulimwomba mzee mmoja wa usharika wetu, askari polisi mstaafu, atufundishe. Tulidhani atakuja na silaha, na baadhi yetu tulikaa karibu na mlango. Alikuja na bastola aliyoichonga kwa mti, na maharage matano mfukoni.

Aliyapanga maharage ndani ya magazini, akaisukuma mahali pake, akavuta sehemu ya juu kuonyesha jinsi bastola inavyokokiwa. Kisha akachomoa magazini, akampa mama mmoja ahesabu. Manne.

"La tano liko wapi, mama?"

Ukumbi ulinyamaza kimya. Akavuta tena ile sehemu ya juu, na haragwe likaanguka sakafuni. Lilikuwa ndani ya chemba, mbele ya magazini, tayari. Mwenzetu alijifunika uso.

Alituambia: kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama mume amekuapia. Mdomo wake usielekezwe kwa mtu wala ukutani ambako nyuma yake watoto wamelala, kwani ukuta wa mbao hauzuii risasi. Kidole kikae nje ya triga. Na wewe usiyefundishwa, usiishike hata kuihamisha. Watoe watoto chumbani, funga mlango, mwite mwenyewe. Mama mmoja mwenye duka aliuliza kuhusu kuibeba mkobani. (Hatukujua kama anayo, na hatukuuliza.) Mzee alijibu kwamba mkobani kuna funguo na kalamu, na chochote kinaweza kuingia penye triga, anayeibeba aiweke kwenye mfuko wa ngozi unaoifunika triga, peke yake, wala asiuache mkoba kwenye benchi la kanisa akaenda kutoa sadaka. Akaongeza kwamba pombe na bastola havikai kiunoni kimoja. Hapo tulicheka kidogo, wengine bila furaha.

Nasi wauguzi tulisema la kwetu: ikitokea, kandamiza jeraha kwa kanga safi, kwa nguvu, bila kuachia. Usichokonoe kutafuta risasi, usimpe maji. Kimbiza hospitali.

Kumwambia mume ndiyo ilikuwa kazi. Mwenzetu alikaa siku tisa. Alipomwambia, alijibiwa kwa ukali kwamba mambo ya silaha si ya wanawake wa kanisani, na kikundi kizima tukatajwa kwa majina. Hapo alichukua maharage matano jikoni, akayapanga mezani, akamweleza kama alivyofundishwa. Mume hakusema kitu. Jumamosi alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Bastola kwenye tundu moja, risasi kwenye jingine. Ufunguo anauvaa shingoni.

Anaporudi Mirerani usiku, mkewe humpokea mlangoni.

"Pole na safari, baba. Ya chemba umeitoa?"

Bado hukunja uso. Lakini huitoa mbele yake, na mke huihesabu.