Kufundisha Yaliyo Chini ya Ziwa

Miaka kadhaa iliyopita tulifundisha sayansi darasa la tano katika shule moja ya msingi iliyo kando ya ziwa, Ilemela. Mada ilikuwa kuhifadhi mazingira ya maji. Tuliandaa picha ya ukutani iliyomwonyesha mpiga mbizi, mtungi wa hewa mgongoni, akiogelea juu ya matumbawe ya Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995. Tukaeleza jinsi uvuvi wa baruti unavyovunja matumbawe na kuwaacha samaki bila makao. Kisha tukauliza: mpiga mbizi hufanya kazi gani? Msichana mmoja alisimama akajibu, "Kutafuta maiti, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, kabla watoto wale hawajazaliwa, lakini habari zake walizirithi nyumbani. Kwao chini ya ziwa palikuwa kaburi, si makao ya viumbe. Nasi tulikuwa tumewapeleka kwenye bahari wasiyoijua, tukaliacha ziwa linaloonekana dirishani.

Kwa haraka ya kusahihisha kosa hilo tulifanya la pili. Juma lililofuata tuliwapeleka ufukoni, tukawaruhusu kuingia majini hadi magotini. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita alitukemea mbele yao: "Walimu, kichocho mnakijua, au mnakisoma tu?" Tuliona haya, kwa kuwa alisema kweli. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa kando ya ziwa na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini.

Ndipo tulipoijaribu njia ambayo haimlazimu mtoto kulowa. Chukua sahani nyeupe ya bati, uitoboe, uifunge kwa kamba yenye kifundo kila baada ya sentimeta 10, na chini yake uning'inize jiwe. Simama gatini, watoto wakiwa nyuma yako, uishushe polepole mpaka isionekane tena. Watoto wahesabu vifundo vilivyozama. Padre Angelo Secchi wa Italia alitumia sahani ya namna hii baharini mwaka 1865, na wataalamu wa maji huitumia hata leo.

Kabla ya mvua tulihesabu vifundo 12. Baada ya mvua kubwa tulihesabu 5. Hatukuwa na haja ya kuhubiri. Watoto wenyewe waliufuata kwa macho mfereji wenye maji ya udongo hadi kwenye mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni mwa ziwa.

Hapo tuliwasimulia habari za furu. Ziwa Viktoria lilikuwa na mamia ya aina zao zisizopatikana penginepo duniani, na aina moja imepewa jina la kisayansi la Mwalimu Nyerere. Sangara, waliopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, waliwala kwa wingi mno. Lakini maji kufifia nayo ni hatari. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi, mwekundu au wa buluu. Maji yakiwa na giza rangi hazitambulikani, nazo aina huchanganyika hadi kupotea.

Yule msichana akanyosha mkono. "Mwalimu, maji yakiwa ya vifundo 5, furu jike atamjuaje mumewe?"

Swali hilo halikuwamo katika andalio letu. Tuliliandika ubaoni, likawa somo la juma lililofuata.

Ndugu walimu mnaojiandaa kwa kazi hii, kabla ya kutundika picha ya bahari ya mbali, waulizeni watoto wanaamini kuna nini chini ya maji ya kwao. Jibu lao laweza kuwatia simanzi, lakini somo halina budi kuanzia hapo.