Majengo ya Zamani ya Shule Yasibomolewe Ovyo

Katika miji yetu umezuka mtindo wa kulihukumu jengo kwa umri wake. Likifikisha miaka sitini au sabini, paa likaanza kuvuja na rangi ikabanduka, watu husema limepitwa na wakati na dawa yake ni kulibomoa. Mimi niliyetumikia jeshi kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, napenda kueleza kwa nini neno hilo hunitia simanzi, hasa linapotamkwa juu ya shule na vyuo.

Mtoto wa askari hana kwao kwa namna ile mtoto wa mkulima alivyo na kwao. Baba huhamishwa leo kaskazini, kesho magharibi, na jamaa yote hufunga mizigo ikamfuata. Nyumba ya kambi si mali yake. Siku ya kustaafu ufunguo hurudishwa. Kinachobaki katika kumbukumbu ya watoto ni shule. Ukiwauliza wanangu walilelewa wapi, hawatakutajia nyumba. Watakutajia shule moja karibu na kambi, yenye baraza ndefu na nguzo nene za matofali ya kuchoma, walipokuwa wakijikinga mvua huku wakimngoja mama yao.

Katika ukumbi wa shule hiyo upo ubao mweusi ulioandikwa kwa rangi nyeupe majina ya viranja wakuu wa kila mwaka. Mmoja wao ni mwanangu wa kwanza. Alikua, akavaa sare kama baba yake, akaenda kazini na hakurudi. Nyumba tuliyokaa naye sasa wanakaa wengine, na hiyo ni haki yao. Lakini jina lake bado lipo ukutani, na watoto wa leo hulisoma wakati wa kuimba wimbo wa taifa.

Miaka michache iliyopita kamati ya wazazi ililetewa pendekezo la kubomoa majengo yote matatu ya zamani ili ijengwe ghorofa. Waliopendekeza hawakuwa watu wabaya. Walisema kweli kwamba madarasa ni machache, watoto wamejazana, na vyoo ni aibu. Nami nilipotaja ule ubao, mzazi mmoja kijana alinijibu kwa heshima, “Mzee, ubao tutauhamisha.” Hoja yake ilinishughulisha usiku kucha, maana ilikuwa na uzito. Ikiwa tunachotaka ni ukumbusho tu, basi msumari na ukuta mwingine vyatosha.

Asubuhi nikaona kwamba swali lenyewe lilikuwa halijaulizwa. Hakuna aliyekuwa amelipima jengo. Wote tulikuwa tunaitazama rangi. Nikaomba katika kikao kijacho kwamba, kabla ya kubomoa, aitwe mhandisi akague msingi, kuta na paa la kila jengo peke yake. Jeshini hatuagizi askari aondolewe kazini kwa kuwa viatu vyake vimechakaa. Kwanza hupelekwa kwa mganga, halafu hutolewa viatu vipya.

Mhandisi alikuja na timazi yake. Ukumbi na jengo la madarasa ya juu vilikutwa na kuta nene zilizonyooka na msingi usio na kasoro. Ugonjwa ulikuwa juu: mchwa walikuwa wamekula baadhi ya kenchi, na mifereji ya maji ya mvua ilikuwa imeanguka zamani, hata maji yakawa yanamwagika ukutani. Jengo la tatu lilikuwa na ufa uliotoka msingini hadi dirishani, na udongo chini yake ulikuwa umetitia. Hilo alisema libomolewe upesi, asije mtoto akaumia. Nililiunga mkono neno hilo bila kusita. Kulipenda jengo si kuyatoa maisha ya watoto kwa ajili yake.

Basi mawili yakatengenezwa, moja likabomolewa kwa mikono. Matofali yake yalisafishwa, yakajengewa vyoo na jiko. Madarasa mapya yakainuliwa kwenye kiwanja cha nyuma kilichokuwa kichaka. Yule mzazi kijana ndiye aliyesimamia hesabu, tena kwa uaminifu mkubwa.

Jambo hili si la shule moja tu. Hapa Kampala tumeona mifano ambayo kila mzazi yafaa aifahamu. Mwaka 2006 Shule ya Mazoezi ya Shimoni na chuo chake cha walimu, katikati ya jiji, vilihamishwa na majengo yake kubomolewa ili pajengwe hoteli ya kupokea wageni wa mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007. Mkutano ulikuja ukapita, hoteli haikusimama. Baada ya miaka mingi pakajengwa maduka na ofisi. Fundisho lake ni kwamba lililobomolewa halirudi hata kama sababu ya kulibomoa imetoweka.

Mfano wa pili ni Jumba la Makumbusho la Uganda. Lilijengwa mwaka 1954 kwa ramani ya Ernst May, msanifu kutoka Ujerumani. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, vitu vyake vilihifadhiwa Makerere, chini ya uangalizi wa Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa ya chuo hicho. Mwaka 2011 ulitokea mpango wa kulivunja ili pajengwe jengo refu la biashara lenye ghorofa 60. Vyama vya raia wanaojali urithi vilikwenda mahakamani kuupinga. Havikurusha jiwe wala havikumtukana mtu, vilitumia sheria. Jumba lipo hadi leo, na watoto wa shule hulitembelea.

Wa tatu ni Jengo Kuu la Makerere. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Jengo Kuu lilisimamishwa mwaka 1941. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, na Mwai Kibaki alihitimu huko mwaka 1955. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 moto uliwaka paani, na ingawa askari wa zimamoto wa polisi walipambana nao, jengo liliteketea. Kuta zilizobaki hazikuweza kuokolewa. Hata hivyo taifa halikukubali kilima kile kiwe na sura ya kigeni. Jengo lilisimamishwa upya kwa sura ileile ya kale, likafunguliwa mwaka 2024. Waliohitimu zamani wakipita hapo bado wanalitambua. Lakini matofali ya mwaka 1941 yamekwenda. Jengo lipendwalo na nchi nzima laweza kupotea usiku mmoja. Kwa hiyo ulinzi wake huanza kabla ya hatari.

Ulinzi huo si kazi ya serikali peke yake. Tangu mwaka 2023 tunayo sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Lakini sheria haipandi ngazi kusafisha mifereji. Wazazi waliomo katika kamati za shule, hasa katika kambi zetu za jeshi na polisi, na wafanye haya.

Kwanza, kila mwaka kabla ya masika, mifereji isafishwe na bati au kigae kilichovunjika kibadilishwe. Maji ndiyo adui wa kwanza wa ukuta. Pili, njia za mchwa zifutwe mara zionekanapo, na mbao za paa zikaguliwe. Tatu, nyaya za umeme za zamani zibadilishwe na fundi anayetambuliwa, na karatasi na magodoro mabovu yasirundikwe darini. Nne, ukuta uliojengwa kwa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Ukiupiga lipu ngumu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na matofali hulika polepole. Tano, kila jengo lipimwe na kuchorwa, na picha zake zihifadhiwe mahali pawili, ili likipatwa na msiba wajenzi wawe na pa kuanzia.

Sasa naweza kumjibu yule mzazi kijana. Ubao waweza kuhamishwa, ni kweli. Lakini mtoto anayekaa katika chumba walichokaa wenziwe wa miaka sitini nyuma hujifunza bila kuambiwa kwamba yeye si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho, na kwamba alichopewa ni amana. Mtoto wa askari, ambaye kila mara huanza upya mahali pageni, anahitaji fundisho hilo kuliko wengine.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kikao cha kubomoa, kiitishwe kikao cha kukagua. Ngazi iletwe, mhandisi apande, nasi tulio chini tuishike.