Mkono wa Juu

Kwenye kadi yake ya kliniki nimeandika 132/84. Namba hiyo niliitafuta mpaka nikaipata.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza, wiki ya 32. Alishuka kwa miguu kutoka mashamba ya njegere ya huko juu Mgeta, akafika zahanati anahema. Nikamfunga mkanda juu ya mkono wa gauni, ikasoma 152/98. Nilijua nimekosea. Nikamkalisha dakika 10 bila mazungumzo, mgongo kwenye kiegemeo, nyayo sakafuni, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Presha ya mlima hushuka mtu akikaa. Yake ilisoma 146/96.

Ikifika 140/90, mjamzito haruhusiwi kwenda zake hivi hivi. Mkojo upimwe protini, rufaa iandikwe. Rufaa maana yake Morogoro mjini, na masika yalikuwa yameharibu barabara. Akaniambia nauli ya pikipiki hana, mumewe yuko Kilombero kwenye miwa. Machozi yakamlenga. Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikapima mkono wa kulia, ule wa juu.

Mkono ukipita usawa wa moyo, kipimo hushuka, kama milimita 7 au 8 za zebaki kwa kila sentimita 10. Wanafunzi wa uuguzi waliokuja kwa mazoezi niliwafundisha hilo mwenyewe, nikawaonya. Siku ile nililitumia. Nikamwambia, "Umeona, mama? Imeshuka," naye akacheka kwa furaha. Mkojo sikuupima kabisa. Nililiita hilo huruma, na pesa ya pikipiki nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Siku ya 9 kifafa cha mimba kilimwangusha shambani. Majirani walimteremsha kwa machela kwenye utelezi, tukamchoma magnesiamu salfeti, gari likampeleka mjini. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Baada ya arobaini alikuja kunishukuru, na njegere ndani ya kikapu. Kadi alikuwa ameikunja kwenye kanga.

"Nesi," akaniuliza, "kwani siku ile presha yangu ilikuwaje?"

Nikaichukua kadi, nikaisoma kana kwamba aliiandika mtu mwingine.

"Ilikuwa nzuri, mama."

Njegere nilizipokea.