Breki ya Mbele

Tangu tulipomzika mwalimu wangu wa ufundi, vijana wa Buyenzi hawaachi kuniuliza kwa nini mzee yule aligombana na nusu ya mafundi wa mji kwa sababu ya breki. Majibu wanayopewa vijiweni ni ya watu ambao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Macho yangu sasa hayaoni vizuri spoki, na kibanda nimemwachia mwanangu, kwa hiyo nayaandika haya wakati bado nayakumbuka yote.

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako njia zetu huitwa kwa nambari na mtoto hujifunza Kiswahili nyumbani, Kirundi sokoni na Kifaransa shuleni. Baba aliuza ndagala za Ziwa Tanganyika. Asubuhi nilikwenda chuoni kusoma Kurani, kisha shule. Baba alipofariki ada ikakosekana, mjomba akanishika mkono hadi kwa fundi wa baiskeli karibu na soko la Ruvumera. Utoto wangu uliishia hapo.

Mwalimu alizaliwa Ujiji, akaja kwetu kwa njia ya ziwa akiwa kijana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Muda mrefu hakuniruhusu kugusa spana. Kazi yangu ilikuwa kuosha golori kwa mafuta ya taa na kuzipanga juu ya kitambaa. Baadaye akanifundisha kusikiliza gurudumu. Unalizungusha polepole, unagonga kila spoki kwa kucha. Iliyokazwa hulia kwa sauti nyembamba, iliyolegea hutoa sauti nzito. Alikuwa akiifikia spoki mbovu huku anazungumza na mteja, bila hata kutazama.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wanyonzi, yaani wabeba mizigo kwa baiskeli, waliotoka Bugarama. Asiyeijua barabara hiyo hataielewa hadithi hii. Ziwa letu liko mita zipatazo 774 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko juu ya mita 2,000, kwenye kilele kinachogawa maji ya mto Kongo na ya mto Nile. Kati ya huko na mji ni kilomita 35 hivi, na karibu zote ni mteremko. Juu kuna ukungu, msitu wa Kibira na mashamba ya chai ya Teza. Ukishuka unapita mikaratusi, migomba na mabonde yaliyonyamaza, ambamo kengele ya baiskeli husikika ng'ambo ya pili, kisha joto la ziwa linakupokea. Wanyonzi walishuka alfajiri wakiwa na mikungu ya ndizi, magunia ya makaa, kabichi na karoti. Baiskeli zenyewe ni zile nzito za Kihindi na za Kichina, zisizo na gia, zenye breki za vyuma.

Breki hizo zina siri yake. Mpira wake haubani rimu ubavuni kama wa baiskeli za mashindano. Huvutwa juu kutoka upande wa spoki, ukasugua tumbo la rimu, na juu ya tumbo hilo, ng'ambo ya bati jembamba tu, ndipo tyubu ilipolala. Mteremko mrefu ukiipasha moto rimu, solusheni hulainika na kiraka huachia. Mnyonzi anayeanguka hivyo ana breki nzima. Kinachomwangusha ni pancha iliyozaliwa na breki hiyo hiyo.

Ugomvi ulianzia hapa. Mafundi wengi wa zama zile waliwang'olea wanyonzi breki ya mbele. Walisema itakupindua kichwa chini, na kwamba mtu wa mlimani anahitaji ya nyuma tu, pamoja na soli ya katambuga ya kukandamiza tairi mambo yakiharibika. Fundi mmoja aliyekuwa na jina kubwa kuliko letu alizing'oa, akauza vyuma vyake kwa kilo, na mteja akatozwa pesa ya kung'olewa. Simtaji. Wanawe ni majirani zangu, na yeye ametangulia mbele ya haki.

Mwalimu alipinga kwa hoja ambayo mpaka leo sijasikia ikijibiwa. Alisema: uzito wote ule unaposhuka zaidi ya mita 1,000, nguvu yake lazima iende mahali, nayo huenda kuwa moto. Ukiwa na breki moja, moto wote unaingia katika rimu moja, na rimu hiyo ni ya nyuma, iliyobeba mikungu tayari. Ukiwa na mbili, moto unagawanyika. Kuhusu kupinduka, alikubali kwamba baiskeli tupu inaweza kumrusha mtu anayekaba breki ya mbele kwa ngumi. Lakini mnyonzi ana mzigo kwenye keria, na mzigo huo unaikalisha nyuma ya baiskeli chini. Hatari ya kwake ni nyingine: gurudumu la mbele limekuwa jepesi, likikabwa kwenye mchanga litateleza. Kwa hiyo breki ya mbele huvutwa kwa vidole viwili, baiskeli ikiwa imesimama wima, kabla ya kona. Ndani ya kona unaiachia.

Maneno hayo yalichekwa. Basi Mwalimu akafunga kibanda siku moja, tukapanda gari hadi Bugarama, tukashuka nyuma ya wateja wawili waliokubali kutusaidia. Mizigo yao ililingana. Mmoja alikuwa na breki zote mbili, mwenzake ya nyuma peke yake. Hatukwenda kwa mbio. Katikati ya mteremko Mwalimu akawasimamisha, akachovya kidole katika chupa ya maji na kudondosha tone kwenye rimu ya nyuma ya yule mwenye breki moja. Tone lilichemka, likatoweka. Akatuonyesha mpira wa breki: uso wake uling'aa kama kioo, haukuwa na meno tena ya kushika chuma. Akaufungua, akausugua kwa msasa mpaka ukawa mweusi wa kukwaruza, akaurudisha. Kwa yule wa breki mbili tone lilitambaa kwanza ndipo likakauka. Mwalimu hakutamba. Alisema tu, "Mmeona," tukaendelea kushuka.

Hakika waliona, na wanyonzi wale wawili wakawaambia wenzao. Mafundi hawakubadilika. Kukiri kungemaanisha kueleza wanyonzi waliozikwa waliteremka na nini.

Miaka ya vita, tangu 1993, barabara ile ilipitwa kwa misafara ya jeshi, na siku nyingine haikupitika kabisa. Ndizi zilipanda bei na kibanda kikakaa kitupu. Amani iliporejea, wanyonzi walirejea pia. Januari 2013 soko kuu la mji likateketea, na mizigo mingi ikahamia masoko ya mitaani, Ruvumera likiwemo. Tulifanya kazi hadi usiku. Kisha Machi 2022 ikatoka amri ya kuondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya mji, na njia tulizozizoea zikafungwa. Sababu iliyotajwa ni ajali. Ajali zilikuwepo, sibishi. Lakini tukiwa na mafundi wanaong'oa breki kwa malipo, tulikuwa tumejiandikia amri hiyo wenyewe siku nyingi.

Leo mafuta ya gari yamekuwa adimu Burundi, na ile baiskeli iliyofukuzwa ndiyo inayoleta kabichi. Vijana wapya wako mlimani. Wanapanda wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori, wageni wanawapiga picha na kuwaita mashujaa. Kijana, huo si ushujaa. Lori likishtuka, huna pa kwenda. Ukipanda, sukuma kwa miguu. Ni kazi ndefu na hakuna atakayekupiga picha, lakini jioni utalala kwako.

Na ukishuka, shika haya. Kagua mpira wa breki zote mbili kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu ukishafunga hutauona. Funga mzigo chini na karibu na keria, usiuache uning'inie. Badilisha mikono: vuta nyuma, achia, vuta mbele, achia, ili kila rimu ipate upepo. Mvua ikinyesha, gusa breki kidogo mapema ufute maji, maana rimu ya chuma ikilowa haishiki vizuri. Pumzika kabla hujachoka, ukiguse chuma kwa tone la maji wala si kwa kidole.

Kwa mafundi wenzangu nina neno moja. Fundi asiyewahi kushuka Bugarama na mzigo hana haki ya kuamua breki ipi mnyonzi anaihitaji. Mpeni breki zote mbili, zikazeni vizuri, mumfundishe namna ya kuzitumia. Akikataa, mrudishieni pesa yake na baiskeli yake. Mwalimu wangu alifanya hivyo mpaka alipoacha kazi, akala mlo mmoja siku zilizokuwa ngumu, na kila aliyekubali sharti lake alishuka na breki mbili.