Miadi ya Mwaloni

Wadau, juzi nimeumbuka. Kuna mama anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba; tuliahidiana saa tatu asubuhi anieleze habari za mkopo uliomtoa jasho. Miadi niliiandika usiku kwenye Thunderbird, nyumbani Nyakato. Asubuhi niko mjini na shughuli nyingine, simu kimya. Nakuja kukumbuka saa sita! Mama keshaondoka, na namba yake sina.

Kumbe kosa ni langu. Nina akaunti mbili, ya ofisini na yangu binafsi, lakini miadi niliiweka kwenye ile kalenda ambayo programu huja nayo. Hiyo hukaa ndani ya kompyuta tu, kwenye simu haifiki. Namba nayo ilikuwa humo humo.

Jumapili nikakaa nayo. Kalenda za akaunti zote mbili nimeziunganisha, kila moja na rangi yake. Ile ya ndani nimeizima. Majina ya watu nimeyahamishia kwenye akaunti yangu, si ya ofisi. Ukiacha kazi ofisi inafunga akaunti, na vyanzo vyako vyote vinabaki humo (au mnasemaje, waandishi wenzangu?).

Jana nikampigia mama. "Mwanangu, nilikusubiri sana," akaniambia. Nikaomba radhi. Tumepanga Alhamisi, saa tatu ile ile.